Futi Kumi na Tano

Banda, Maili ya Nne, Kampala
9 Machi 1975

Kwa shemeji yangu Mumbere, Kasindi,

Salamu nyingi kama kokoto za barabara ya Jinja, na wingi wake unaujua, maana ulizibeba kichwani. Mimi mzima. Goti la kushoto linanung'unika lakini bado halijanishinda. Wewe je? Mgongo? Watoto? Na huyo dada yako Perpétue, aliyekuja huko kumzika mama yenu kwa wiki mbili na sasa ni mwezi wa pili, yeye hajambo? Mwambie matanga huwa yana mwisho.

Barua hii naandika mwenyewe. Zamani nilikuwa nasema, karani Fernandes anaandika. Lakini Fernandes aliondoka na Wahindi wenzake walipofukuzwa mwaka ule wa sabini na mbili, na tangu hapo mimi ndiye karani wangu. Herufi nilizipata kwenye mawe ya maili na kwenye orodha ya vibarua, kwa hiyo ukiziona zote kubwa, zimesimama kama vigingi, usicheke.

Sasa sikia. Barabara yangu inapanuliwa. Wengine wanasema ni kwa ajili ya wageni wakubwa watakaokuja mwezi wa saba, wengine wanasema ni kwa ajili ya malori ya jeshi yapishane bila kugongana. Mimi sikuuliza. Siku hizi anayeuliza ndiye anayeulizwa.

Nasema yangu, na uniambie kama nadanganya. Mwaka wa thelathini na sita hapa palikuwa njia ya udongo tu, mvua ikinyesha lori la pamba linalala matopeni mpaka Jumapili. Nani alikata mtaro? Ogutu. Nani alilaza mafunjo na magogo kwenye kinamasi cha Kinawataka, mpaka maji yakakubali kupita chini na watu wakapita juu? Ogutu. Mawe tuliweka mwaka wa arobaini na saba, lami mwaka wa hamsini na mbili, na mimi nilikuwa nyapara wa watu arobaini wenye filimbi moja, nayo ilikuwa mdomoni kwangu. Halafu miaka kumi na minane nikapewa Maili ya Nne peke yangu, nifyeke majani na kuzibua makalvati. Hakuna gari lililozama katika maili yangu. Hata moja.

Basi wamebandika karatasi kwenye mlingoti wa umeme, karibu na hapo jirani yetu Maimunah anapokaanga kabalagala zake za ndizi. Watu wa nyumba zetu saba walisimama wanaitazama kama nyoka. Nikasema, pisheni. Nikasoma mbele yao wote: 15. Kutoka katikati ya barabara, kumi na tano huku na kumi na tano kule. Nikapima kwa hatua. Hatua yangu unaijua. Yule injinia Mzungu alilaza mnyororo chini, mimi nikatembea hatua mia, nikakosa kwa upana wa kidole. Hatua moja futi tatu. Futi kumi na tano ni hatua tano. Ukuta wangu uko hatua kumi na tatu na mguu mmoja, futi arobaini kamili. Watachukua majani na mtaro, basi.

Nimewaambia majirani wote wakae. Wamekaa.

Mwambie mke wangu arudi.

Shemeji yako,
Ogutu


Kasindi
30 Machi 1975

Shemeji Ogutu,

Yambo sana. Naandika kwa herufi kubwa kama zako, ili usome bila taabu. Barua tumeipata kwa mkono wa Emile, yule dereva anayepakia chumvi kule Kampala, soko la Kikuubo. Usimwite Emile akifika mpakani, serikali yetu imekataza majina ya ubatizo, hapa ni Mbusa. Perpétue naye hapa ni Kavira, lakini ukimwita Kavira haitiki. Sisi wazima. Mgongo wangu uko vile ulivyouacha wewe, uliyenibebesha mawe huku unapuliza filimbi.

Unasema umejenga barabara. Sawa. Mimi nilitoroka Kongo ili Wabelgiji wasinitie kwenye barabara kwa kiboko, nikafika Kampala nikakukuta wewe. Mawe yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba wewe baadaye ulioa dada yangu, kwa hiyo siwezi kukutukana sana.

Nilimsomea Perpétue barua yako pale jikoni. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. Akasema, "Muulize nani mwingine ameisoma hiyo karatasi." Nikamwambia, amesoma mwenyewe. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Anasema pia kwamba tangu lori la askari lilipokwangua baraza mwezi wa kumi na mbili, hakulala vizuri nyumba ile. Anataka ung'oe mabati sasa, bado mazima, uje nayo huku. Kiwanja kipo. Nimewapimia nyuma ya kwangu.

Fikiria, shemeji. Wewe si kijana.

Shemeji yako,
Mumbere


Banda
13 Aprili 1975

Shemeji yangu,

Salamu, na afya, na yote ya kawaida. Goti limepona. Nilipima tena, na ukipima mara nyingi goti linanyooka.

Kung'oa mabati! Mabati ishirini na nane niliyopigilia kwa mkono wangu! Perpétue amesahau nyumba hii? Amesahau mlango wake wa jikoni, niliomtengenezea kwa mbao zilizozuia saruji ya kalvati la Kinawataka? Mbao hizo zilibeba saruji ya serikali na hazikupinda. Katika Kampala nzima hakuna mwanamke mwenye mlango kama ule, hata huko Ntinda kwenye nyumba za mabwana.

Hapa watu wametulia kwa sababu yangu. Maimunah alikuwa ameshafunga vyombo aende Kibuli kwa kaka yake. Nikamwambia, "Mama, unakimbia futi chache za majani?" Akacheka, akafungua vyombo. Juzi amepaka saruji jiko lake upya na ameweka meko mawili. Ananiita injinia. Kila asubuhi ananiletea kabalagala ya moto na kusema, "Injinia wetu, ssebo, bado tuko?" Nami namjibu, "Bado tupo mpaka watoto wa watoto."

Erinayo, fundi baiskeli, yeye ni mwoga. Alikwenda kumuuliza askari mmoja kama hiyo kumi na tano inaanzia ukingoni au katikati. Alirudi sikio limevimba. Nikamwambia, "Ungeniuliza mimi ningekujibu bure na sikio ungebaki nalo." Tangu siku hiyo hakuna anayekwenda kuuliza popote. Wanakuja kwangu.

Ila usiku sina usingizi mzuri, nakueleza wewe tu. Malori yanapita, nyumba inatikisika kama ndoo. Asubuhi nainuka napima tena. Hatua kumi na tatu na mguu mmoja. Juma lililopita nimepima mara sita. Haibadiliki.

Ogutu, shemeji yako


Kasindi
2 Mei 1975

Shemeji,

Tunakusalimu. Mvua ni nyingi, Emile alikwama siku tatu kabla ya Kasese. Anasema angekuwa na mtu kama wewe pale asingekwama. Nimekuandikia hilo kwanza ili usome barua mpaka mwisho.

Perpétue anauliza jambo moja, na ameniambia niliandike vile vile alivyosema: "Baada ya ile kumi na tano, kuna herufi?"

Anakumbuka Fernandes. Anasema Fernandes alipokuwa anakusomea karatasi za kazi, kila mara alikuwa anamalizia na neno: futi, yadi, maili. Halafu mwaka mmoja akaanza kusema maneno mengine, na wewe ukamwambia aache kukuchosha.

Mimi naongeza langu. Hapa kwetu barabara zote zinapimwa kwa mita tangu wakati wa Wabelgiji. Mita moja ni zaidi ya hatua yako, Ogutu, hata hatua ile ya ujana. Kama huko nako wamegeuza, basi kumi na tano si hatua tano. Ni kumi na sita na zaidi. Ukuta wako uko kumi na tatu.

Tafuta mtu asiye askari akusomee. Hata mtoto wa shule.

Mumbere, shemeji yako anayekuogopea


Banda
11 Mei 1975

Mumbere,

Nimesoma. Salamu zimepokelewa.

Ndiyo, kuna kitu baada ya kumi na tano. Ni kidogo, kimeinamia chini kama kitana chenye meno matatu. Hiyo ni alama ya karani aliyepiga mashine. Kila karani huwa na alama yake. Mimi nimeona karatasi za barabara kabla wewe hujaijua barabara ni nini.

Mita ni ya Wabelgiji, na Wabelgiji walikukimbiza mpaka kwangu. Barabara hii ilizaliwa kwa futi na itakufa kwa futi. Wameng'oa mawe ya maili, kweli, wameweka vibao vya kilomita, lakini je, wameweza kung'oa jina? Muulize mtu yeyote anashukia wapi. Maili ya Nne. Hakuna anayeshuka kwenye kilomita.

Nisomewe na mtoto wa shule! Niinamishe kichwa mbele ya kaptura, niseme kijana nisomee, na watu sita wamesimama hapo ambao wananiita injinia? Maimunah amepaka chokaa. Erinayo amemwaga sakafu mpya ya karakana, amenilipa kwa kunisikiliza. Nikianza kuuliza leo, watasema tangu mwanzo alikuwa hajui.

Mwambie Perpétue nyumba iko imara na mwenye nyumba yuko imara. Arudi apike.

Ogutu


Kasindi
24 Mei 1975

Shemeji,

Leo nitaandika kidogo. Nilimsomea. Aliyaacha maji yakachemka yakamwagika kwenye moto. Haya ni maneno yake, langu hapa ni mkono tu:

"Ogutu. Siku uliyonioa ulipima kutoka kanisani mpaka kwako, ukaniambia ni hatua elfu moja mia mbili, nikakuamini, nikatembea na viatu vinavyobana. Zilikuwa elfu mbili. Hukusema kitu, na mimi sikusema kitu, miaka ishirini na sita. Wakati ule zilikuwa nyayo zangu tu. Sasa umepimia watu sita. Mimi sirudi hapo. Nyumba ikisimama, kaa nayo. Ikianguka, niletee mlango wangu."

Basi, ni hayo.

Mumbere


Banda
8 Juni 1975, Jumapili

Kwa shemeji yangu Mumbere, na kwa Perpétue wakati unamsomea,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Ni mita.

Alhamisi walikuja vijana wawili wa kupima, bila askari. Mmoja anaitwa Tarcisio, baba yake alikuwa mpiga sururu katika kundi letu, yule mrefu aliyeimba. Nilimwona anapigilia kigingi chekundu nyuma ya chumba changu cha kwanza. Ndani ya nyumba, Mumbere, ukuta wa mbele umebaki upande wa barabara. Nikatoka na filimbi yangu, nikamwambia, "Kijana, umepotea. Baba yako hakupotea hivi." Akasema shikamoo, akanionyesha mkanda. Akaweka kidole chake kwenye kile kitana chenye meno matatu. Akasema, "Mzee, hii ni mita. Tangu miaka ile ya sabini kuanza, ni mita tu." Alisema polepole, kama mtu anayempa mgonjwa uji. Nikauliza wanabomoa lini. Akasema greda linakuja Jumatatu, na tingatinga, na askari wa kusimamia. Siku nne.

Nilikaa kwenye kalvati mpaka jua lilipohama. Nilifikiri, nikinyamaza, Jumatatu itasema yenyewe, na watu watalaumu serikali, na mimi nitalaumu serikali pamoja nao. Nilifikiri hivyo. Nawaandikia ili mjue kwamba nilifikiri hivyo.

Halafu nikaenda mlango kwa mlango. Nilianza kwa Maimunah maana ndiye mgumu kwangu. Nikasema, "Maimunah, nilikosea. Si futi. Barabara inaingia mpaka kwenye meko yako." Mnajua alisema nini? Alicheka. "Bannange, injinia wetu leo ameamka vibaya! Wewe si ulipima mwenyewe mbele yetu? Nani amekutisha?" Nikasema kitana kile ni herufi ndogo, na mimi nazijua kubwa tu. Akanisogezea kigoda. "Kaa, mzee wangu. Ni uzee na upweke. Mama watoto akirudi utakuwa sawa." Akanipa kabalagala.

Erinayo hivyo hivyo. Alisema, "Mzee, mimi nilipigwa kibao kwa kuwa na wasiwasi, na wewe ulinicheka. Sasa unataka niwe na wasiwasi tena?" Nyumba ya tano walifunga mlango. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa nawafundisha wasimwamini mtu yeyote ila mimi, na sasa walikuwa hawaniamini hata mimi. Walimwamini yule wa mwezi wa tatu.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi niliweka ngazi kwenye nyumba yangu. Nilipanda na nyundo. Bati la kwanza lilikataa, misumari ilikuwa imeshikamana na kutu, nikaipiga mpaka sauti ikafika sokoni. Watu wakatoka. Maimunah alisimama chini, mikono ina unga, akapiga kelele, "Mzee, shuka! Unaharibu nyumba nzuri!" Nikamrushia bati miguuni. Nikang'oa la pili. Nikang'oa la tatu. Kusema kwangu kulikuwa kumekwisha. Nilipofika la nane alisogea mlangoni kwangu. Akatazama kile kigingi chekundu, akatazama jiko lake, nikaona anahesabu. Hakunitukana. Alivua kanga ya juu, akaifunga kiunoni, akaingia ndani kufunga vyombo. Mimi ningependa angenitukana.

Mpaka jana tumeng'oa nyumba tano. Saruji mpya ya Maimunah haing'oki, tumeiacha. Meko tumevunja tukitafuta matofali mazima, tumepata kumi na moja. Erinayo sakafu yake imebaki vile vile, inang'aa. Alisema tu, "Ilikuwa imekauka vizuri."

Emile anaondoka leo. Nimempakilia mabati ishirini na sita, mawili yamechanika. Na mlango, Perpétue. Nimeutoa na bawaba zake, nimezifunga kwa kitambaa pamoja na misumari. Haukupinda.

Mimi sipandi leo. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja na nimempa mtoto wa Maimunah mwenye homa, Emile atamshusha Kibuli kwa mjomba wake. Tena nyumba mbili bado zina paa, na moja ni ya Maimunah. Mimi ndiye niliyewaambia wakae, kwa hiyo siondoki kabla yao. Kesho tingatinga likija nataka linikute nje, si ndani ya neno langu.

Jambo moja naomba. Kiwanja ulichotupimia, Mumbere, barabara hiyo ya kwenu ni barabara ile ile, inatoka hapa inafika huko, nao siku moja wataipanua. Pima kutoka katikati ya barabara mpaka pale utakaposimama mlango wa Perpétue. Pima kwa mita. Halafu mpe mtu mwingine asome.

Ogutu


Kasindi
19 Juni 1975

Shemeji yetu Ogutu,

Yambo, yambo, na tena yambo. Hapa wote wazima, ila hakuna anayekaa chini. Perpétue anakwenda barabarani, anarudi, anakwenda. Mabati yamefika ishirini na sita. Mlango umefika. Emile anasema alipowasha lori wewe ulikuwa juu ya paa la Maimunah, misumari mdomoni, unamwonyesha Erinayo kwa kidole namna ya kushika bati. Tangu hapo hatuna habari. Jumatatu ile imepita na Jumatatu nyingine imepita.

Tumepima kama ulivyoomba. Nimeazima mkanda wa watu wa forodha. Mimi nilishika mwanzo katikati ya barabara, malori yananipigia honi, na mwalimu wa shule ya misioni alishika mwisho. Amesoma mita arobaini na moja. Perpétue alimwambia asome tena. Akasoma tena. Halafu dada yangu akavua viatu, akapima mwenyewe kwa miguu yake, akapata hatua sabini na nne, akasema, "Hatua zangu fupi, yeye atapata arobaini na tano na atasema ni arobaini."

Mlango haujasimamishwa. Umeegemea ukuta kwangu, na kitambaa cha bawaba hajakifungua. Nilileta fundi, akamfukuza.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Ya pili aliniuliza, "Huyu ni nani ameandika?" Nikamwambia, mume wako, ni mwandiko wake, tazama herufi zilivyosimama. Akasema, "Hakuna majisifu hata mstari mmoja. Ogutu hawezi kuandika hivi kama hajambo."

Sasa barua hii anakuletea Emile mkononi. Akikukosa Maili ya Nne ataulizia Kibuli kwa kaka yake Maimunah. Akikupata, panda siku hiyo hiyo, hata kama nyumba moja bado ina paa. Njoo utwambie namna ulivyoijenga hiyo barabara yote peke yako, kwa filimbi. Mimi sitakupinga. Nitasema nilikuwepo na niliona.

Perpétue anakuwekea maji ya kuoga kila jioni tangu Jumanne.

Shemeji yako,
Mumbere